Pombe ya Nondo

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi Speransi, mtoto wa kwanza wa mama yangu; Eliya, anayenifuata; Furaha, kitinda mimba wetu, aliyevaa koti langu la zamani lenye mikono iliyokunjwa; Baba Mdogo Zakaria, mdogo wa marehemu baba, aliyeendesha gari kutoka Fort Worth akiwa na viatu vyeupe; Mama Trisha, nesi Mkenya wa Sugar Land; Trisha mwenyewe, binti yake, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye simu; na mzee mmoja wa Kizungu aitwaye Walt, mwenye ndoo. Nawataja wote kwa sababu baadaye, nilipouliza, kila mkubwa alisema hakumbuki kuwepo. Walt peke yake hakukana, lakini Walt hakuna aliyemuuliza. Mama hakuwepo. Mama alikuwa amekufa kabla baridi haijaingia, na kutokuwepo kwake ndiko kulikowakusanya hao wengine, kama inzi.

Nimeyakumbuka haya kwa ajili ya harufu. Juzi, kwenye ghala ninakofanya kazi, tulifungua lori la ndizi ambalo jokofu lake lilikuwa limezima njiani. Ndizi zilikuwa nyeusi, zimepasuka, zinatoa maji. Wenzangu walifunika pua wakarudi nyuma. Mimi nilibaki mlangoni mwa lori nikivuta pumzi, kwa sababu hiyo ni harufu ya pombe ya ndizi ya kwetu Burundi, na nyuma yake ilikuja harufu ya magome ya miti yaliyolowa, na nyuma yake sauti ya Mzungu akiita majina ya wafu.

"Dada Spera, unanusa nini? Hayo si maua," kijana mmoja wa Kikongo akaniambia.

"Nanusa wajinga," nikamjibu. Akacheka, akadhani namtania.

Tulikaa Gulfton, mtaa wa Houston, Texas, kwenye yale majengo ya ghorofa yaliyobanana, ambako ukikaanga samaki ngazi nzima inajua. Baada ya mazishi, Mama Konsolata wa mlango wa pili alikubali kuwa mlezi wetu. Alikuwa akisafisha vyumba hotelini, anarudi mikono inanuka dawa ya choo, na hakuwahi kutusifia wema wake. Simsemi vibaya, na ni mtu mmoja kati ya wachache nitakaowaacha salama katika maandishi haya.

Mama Trisha alitupata kanisani, baada ya misa ya Kiswahili. Alisimama kwenye ukumbi wa chai, kikombe mkononi, akatangaza kwamba majira yote ya baridi, kila Jumamosi, angewachukua watoto wa Gulfton kando ya bayu, yaani ule mfereji mpana wenye nyasi na saruji unaolikatiza jiji, ili wasaidie kurekodi ndege, nondo na wanyama wengine wa mahali petu.

"Hawa watoto wa refugee wanahitaji nature," akasema. "Wamekaa tu kwa nyumba na TV. Lazima wa-connect."

Sisi! Tuliozaliwa kambini Tanzania, tukalala na nature chini ya turubai moja, ikatung'ata. Nilishawahi kumfukuza nyoka kwenye kapu la unga kabla Trisha hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini watu wazima wakapiga makofi. Haikuchukua muda nikaelewa: Trisha alikuwa anaomba vyuo vikuu, na vyuo vinapenda mtu aliyesaidia maskini. Kila Jumamosi, kabla ya kitu chochote, Mama Trisha alitupanga mbele ya maji, Furaha mbele kwa sababu alikuwa na meno yaliyong'oka, akampiga Trisha picha akiwa amechuchumaa katikati yetu na darubini shingoni. Picha ikishapatikana Trisha alirudi garini kujipasha moto. Ndege walibaki kwetu.

Nikiri kwamba kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Unatembea polepole, unasimama, unataja kwa sauti unachokiona, na mtu mwenye simu anakipokea na kukihifadhi. Yangeyange kwenye maji ya kina kifupi. Korongo wa usiku, yule mfupi asiye na shingo, amesimama juu ya bomba kama mlinzi aliyelala. Tai wawili wanapasha mabawa joto juu ya nguzo ya taa. Wale ndege weusi wenye mikia mirefu na sauti ya lango lisilotiwa mafuta, ambao jioni hujaa kwenye nyaya za maegesho ya duka, wakanyea magari ya matajiri na ya maskini bila ubaguzi; hao niliwapenda. Na sheria kubwa ilikuwa hii: ukikuta hakuna kitu, usinyamaze. Sema "hakuna," nayo inarekodiwa. Nilistaajabu. Watu hawa walikuwa na nafasi ya kuweka hata ndege ambaye hakuja, lakini hawakuwahi kuuliza mama yetu yuko wapi.

Eliya aliamini kila kitu. Jioni alilala chali kwenye zulia akiigiza milio, na usiponyoosha kidole kumwonyesha ndege alikukasirikia kwa Kiingereza. "Dada, you have to look up!" Mimi nilikuwa naangalia chini. Nilikuwa na kazi ya kuangalia chini.

Kazi hiyo nilipewa na simu. Wiki chache baada ya mazishi, Baba Mdogo Zakaria alipiga kutoka Fort Worth, na Mama Konsolata, mikono ikiwa kwenye unga, akaiweka simu mezani ikitoa sauti wazi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mama Konsolata, wewe ni mtu unayejua mila," sauti ikasema. "Watoto wa marehemu hawahamishwi nyumbani kabla ya matanga kuondolewa. Siku tutakapokaa, tukanywa, tukammwagia marehemu pombe yake, hapo ndipo kila kitu kitajulikana. Eliya atakuja kwangu, ni damu ya kiume. Kale kadogo kana watu Plano wanakataka, watu wazuri, wana nyumba na bwawa. Yule mkubwa ameshakua, atajitafutia."

"Na wenyewe umewauliza?"

"Mtoto huulizwa kama ameshiba."

Mama Konsolata alikata simu kwa kiwiko. Aliendelea kukanda unga muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji.

Kwa wasioijua mila hii, matanga si kilio tu. Kwetu, mtu akifa nyumba inasimama. Hakuna anayeoa, hakuna anayegawa kitu, hakuna anayeondoka na mtoto, mpaka ndugu wakutane tena, pombe ya ndizi iletwe, mwanamume wa upande wa baba ashike chombo na kumwaga tone la kwanza chini kwa ajili ya aliyekufa, na watoto wa marehemu wanywe baada yake, hata kama ni kulowesha midomo. Likishafanyika hilo marehemu anaruhusiwa kupumzika na walio hai wanaruhusiwa kuendelea. Mimi, kwa akili yangu ya kitoto, nilishika nusu moja tu: pombe ikimwagwa, Eliya anakwenda Fort Worth na Furaha anakwenda Plano. Basi pombe isimwagwe.

Nikawa mlinzi wa pombe. Nilinusa vikombe vya wageni waliokuja kutupa pole. Nilifungua jokofu la Mama Konsolata na kuhesabu kwa macho kila chupa. Mchungaji wa jirani alipotuletea juisi ya zabibu niliimwaga kwenye sinki, kisha nikakaa na chupa tupu mapajani, nikimwomba mama asikasirike. Nilijua namnyima kitu. Nilimwambia avumilie kidogo.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa moja ya zile siku ambazo baridi ya Houston inasahau ni baridi. Upepo wa vuguvugu ulitoka baharini, nguo zikanata mwilini, ukuta wa ngazi ukatoa jasho. Mama Trisha alisema hali hiyo ni nzuri kwa nondo, na kwamba siku hiyo tungechelewa kidogo, mpaka giza lianze kuingia, kwa sababu mtaalamu wa nondo angekuja. Alisema pia, huku akimrekebishia Furaha utepe wa nywele, "Na kuna surprise, sawa? Kuna mtu anakuja kuwasalimia. Kila kitu iko sawa."

Tulipofika bayu jua lilikuwa linazama nyuma ya barabara kuu. Walt alikuwa ameshafika. Alikuwa mrefu, mwembamba, na fulana yake ilikuwa na mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka ndani. Alifungua ndoo.

Nilisimama pale nilipokuwa. Harufu ilinipiga usoni: ndizi zilizooza, sukari nyeusi, bia. Ilikuwa imekaa siku kadhaa karibu na moto, imechacha, ina povu. Kwa mtu mwingine yeyote kwenye ukingo ule kilikuwa chambo cha nondo, ambao wakati wa baridi maua yakikosekana hufuata utamu wowote unaooza. Leo najua. Siku ile niliona ndoo ya pombe ya ndizi, na mzee wa Kizungu akichovya brashi ya rangi, akiupaka mti wa mwaloni kuanzia usawa wa kifua mpaka mizizini, ikitiririka chini ardhini. Kisha akatoa kinasa sauti kidogo mfukoni, akakisogeza mdomoni, akainamisha kichwa mbele ya mti na kunong'ona majina marefu ya lugha ambayo si Kiingereza, majina ya kisayansi ya nondo, ambayo mimi niliyasikia kama majina ya wafu. Akahamia mti wa pili. Akapaka, akainama, akaita majina.

Nilimtazama Eliya. Eliya alikuwa anatazama juu.

Ndipo gari la Fort Worth liliposimama, na Baba Mdogo Zakaria akashuka na vile viatu vyeupe, akikwepa matope kama kuku, mkononi mfuko wa peremende. Hakuja kwetu kwanza. Alikwenda kwa Mama Trisha. Walishikana mikono yote miwili, wakasogea pembeni, wakaongea wakitutazama jinsi watu wanavyotazama fanicha watakayoibeba. Mwanamume wa upande wa baba alikuwa amefika. Pombe ilikuwa ipo. Ardhi ilikuwa inalowa. Na Walt, akitabasamu kwa huruma ile ya watu wasiojua walipo, akamwita Furaha na kumpa brashi.

Furaha akaichovya ndani ya ndoo.

Sikukimbia, nakumbuka hivyo. Nilitembea. Nilimnyang'anya Furaha brashi, nikaitupa. Nikaibeba ile ndoo kwa mikono miwili, nzito, ikinilowesha koti mpaka viwikoni, nikaenda nayo mpaka ukingoni na kuimimina yote kwenye maji ya bayu. Yangeyange mmoja aliruka. Nafikiri hakurekodiwa.

"Wewe mtoto una wazimu?" Baba Mdogo akaja mbio, matope yakimrukia kwenye viatu. "Umefanya nini?"

"Matanga ya mama hayaondolewi leo," nikasema. "Mimi ndiye mkubwa na mimi sinywi."

"Matanga gani? Hiki ni chakula cha wadudu!"

"Ai, wewe msichana!" Mama Trisha alishika kichwa. "Hiyo ni bait! Ni ya moth! Mzee wa watu amepika three days!" Kisha akamgeukia Baba Mdogo, na kwa kuwa alikuwa ameshtuka, alisahau kushusha sauti. "Zakaria, uliniambia hawa watoto wako ready. Dada yangu huko Plano ameshapaka hiyo room rangi ya pink. Amenunua kitanda. Leo ndio tulisema kadogo kanaenda."

Basi nilikuwa nimekosea kuhusu ndoo, na kuhusu mengine yote nilikuwa sahihi. Furaha alikuja akajibanza nyuma yangu. Eliya, kwa mara ya kwanza majira yale yote, aliacha kutazama juu.

"Baba Mdogo," nikasema, "ulimwambia Mama Konsolata kwamba watoto hawahamishwi kabla ya matanga. Niliisikia sauti yako. Umeyaondoa lini?"

"Hayo ni mambo ya wakubwa."

"Umeyaondoa lini?"

Alitazama viatu vyake. Nimekutana na waoga wengi tangu hapo, wengine wakiwa wasimamizi wangu, na wote wana namna hiyo ya kupata kitu cha kufuta kwenye kiatu.

Aliyetuokoa ni Mama Trisha, nami simshukuru. Alikuwa nesi, msomi, mtu wa kuhubiri nature na vyuo vikuu. Lakini neno matanga lilipomfikia vizuri uso wake ulibadilika. "Ngoja. Hamjamaliza ya mama yao? Zakaria, hiyo hukuniambia. Hata kwetu hiyo ni kitu kubwa. Dada yangu hawezi ingiza mtoto wa matanga kwa nyumba mpya. Akipata mkosi nitamwambia nini?" Akarudi nyuma, kwa kweli, hatua nzima, kana kwamba Furaha alikuwa na surua. Hakuogopa kumkata mtoto kutoka kwa ndugu zake. Aliogopa mkosi kwenye zulia la Plano.

"Trisha! Let's go!" akaita. Trisha akauliza garini kama zile saa zake za kujitolea zitahesabiwa.

Baba Mdogo alibaki kidogo, akanilaani kwa Kirundi na kwa Kiswahili, akaniambia siku nikishindwa nitamtafuta kwa magoti. Kisha akaondoka na mfuko wake wa peremende. Hata peremende hakuacha.

Tukabaki sisi watatu na Walt. Nilikuwa nalia, nadhani kwa hasira. Koti langu lilinuka pombe. Giza lilikuwa limeshuka kiasi cha taa za barabara kuwaka, na hapo nondo mmoja wa kahawia, mwenye alama kama jicho kwenye kila bawa, akaja na kutua kwenye mkono wangu uliolowa. Kisha mwingine. Walitembea juu ya kitambaa wakinyonya, bila haraka. Walt alisogea, akainama mbele yangu kama alivyoinama mbele ya miti, akanong'ona kwenye kinasa sauti chake. Mtoto analia mbele yake, na yeye anarekodi wadudu walio kwenye mkono wa mtoto. Mpaka leo sijui nimcheke au nimtemee mate. Lakini alitupeleka nyumbani na lori lake, bila kuuliza kitu, na madirisha yote wazi kwa ajili ya harufu yangu.

"Ilikuwa Mama?" Furaha aliniuliza kitandani. "Wale nondo?"

"Walikuwa nondo," nikamwambia. "Lala."

Kuanzia siku ile niliijua silaha yangu. Kila Baba Mdogo alipopiga simu kuomba tupange siku ya kuondoa matanga, nilisema bado. Mtoto wa kwanza asipokubali kunywa, shughuli haifungi. Alituma wazee wa kanisa, nikawapa chai, nikasema bado. Nilipofika umri ambao ofisi ya shule haimsumbui sana mtu asiyekuja, niliacha shule nikaingia ghalani, ili kodi ya nyumba isiwe tena sababu ya mtu yeyote kutugawa. Walimu walisema nina akili. Walisema wakiwa wameketi. Mama alibaki bila kupumzika, amesimama mlangoni mwetu kama askari ambaye hakuna aliyekuja kumpokea zamu, na mimi ndiye niliyemweka pale.

Ilifanya kazi. Nalisema bila aibu. Eliya alikua kwenye meza yangu, na sasa yuko Fort Worth, anatengeneza vipoza hewa, anawafuata ndege Jumapili na darubini ya pesa yake. Furaha yuko Plano, kwenye moja ya zile ofisi za vioo. Naona jinsi mnavyotabasamu: wamekwenda kulekule walikokuwa wapelekwe. Ndiyo. Lakini waliendesha magari wenyewe, na funguo za kwangu bado wanazo.

Baba Mdogo amezeeka. Mwezi huu amepiga tena, sauti nyembamba. "Mwanangu, sasa unangoja nini? Watoto wamekuwa watu. Niache nimmwagie mama yenu nikiwa bado naweza kushika chombo." Furaha pia ameniuliza, na Eliya. Hakuna tena wa kugawanywa. Sababu yangu imekwisha zamani, na wote wanajua. Kilichobaki ni kwamba mila inataka mkono wa mwanamume wa upande wa baba, na mkono uliobaki ni ule, na mimi nikiutazama naona mfuko wa peremende unarudi garini.

Siku ya lile lori niliomba boksi moja la zile ndizi mbovu. Niliziponda kwenye ndoo, nikatia sukari nyeusi na bia, nikaiweka karibu na hita. Furaha alipokuja mwisho wa wiki alifunua kifuniko, akaruka nyuma.

"Dada! Ni ya Mama? Tunafanya?" Macho yake yalikuwa yale ya mtoto mwenye koti kubwa.

"Ni ya nondo," nikasema.

Furaha alichukua brashi kutoka kwenye kabati la chini ya sinki, tukashuka naye uani kwenye mti wa pekani, akapaka yeye, mimi nikashika ndoo. Jioni ilikuwa ya vuguvugu. Walikuja wengi. Furaha alimpigia Eliya simu ili amsikie akitaja majina ya nondo, na Eliya, kutoka Fort Worth, akamsahihisha. Nilihakikisha hakuna tone lililoanguka chini. Ndoo nimeirudisha ndani, imefunikwa, nusu bado imejaa, inachacha. Mama bado ananidai.